Ng'ombe Walitoka kwa Nani? Riwaya ya Siri za Ukoo na Nyumba za Ikonge

(Mhadhara uliotolewa mbele ya hadhira Ikonge, Kaunti ya Nyamira)



Nitaanza na neno moja dogo. Katika Kiswahili, baba ni mzazi wa kiume. Katika Ekegusii, lugha yetu sisi Wagusii, mtoto anayeita "baba" anamwita mama yake. Mzazi wa kiume ni tata. Kila mtoto wa Ikonge anayeingia darasa la kwanza hulazimika kuligeuza neno hilo kichwani. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba baba amekwenda shambani, na mtoto wetu anamwona mama yake na jembe begani.

Nimelileta neno hilo mbele yenu kwa sababu mada niliyopewa ni riwaya inayofichua siri za ukoo, na riwaya nyingi sana za aina hiyo huzunguka swali moja: baba ni nani? Nimekuja kusema kwamba swali hilo, pamoja na uzuri wa vitabu vilivyoliuliza, halitoshi kwetu. Mwandishi atakayetaka kuandika siri za nyumba za vilima hivi itambidi aulize swali jingine, nalo ni hili: ng'ombe walitoka kwa nani?

Tuanze na vitabu tunavyovijua. Wengi wenu mlisoma Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka mwaka 1996, na hata leo ukimwuliza Mkenya aliyesoma Kiswahili akutajie riwaya moja, mara nyingi ataitaja hiyo. Kongowea anazaliwa Tanga na kulelewa na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji, bila kumjua baba. Mama anapofariki, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa wasiomwonea huruma, na hatimaye anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta mzazi wake. Siri katika kitabu hicho iko mbali, na mtu anaiendea. Miaka 16 baadaye, katika Kidagaa Kimemwozea, Walibora aliugeuza mwendo huo. Siri inaletwa mlangoni: kitoto kichanga kinaachwa kwenye kibanda cha Amani, kijana mchungaji, naye anakilea na kushukiwa kwa ajili yake, ilhali mzazi wa kiume ni Mtemi mwenyewe. Na Mtemi huyo anaitwa Nasaba Bora! Mwandishi hakuhitaji kuongeza hukumu yoyote juu ya jina hilo. Mwenye kujivunia nasaba ndiye aliyeitupa nasaba yake kizingitini pa maskini.

Kuna riwaya nyingine ambayo ningependa kila mwalimu wa fasihi hapa aitafute, ingawa haijaandikwa kwa Kiswahili. Ni Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu kilitoka 2017. Salim ni mtoto wa Unguja. Siku moja baba yake anaondoka nyumbani na kwenda kuishi katika chumba nyuma ya duka la mtu. Hakuna anayesema kwa nini. Lakini kila siku mama anapika, anapakia chakula kwenye kikapu, na Salim anakipeleka kwa baba. Miaka inapita. Kikapu kinakwenda, kikapu kinarudi, na neno halisemwi. Salim anakwenda London kusoma, mama anafariki, naye anaporudi ndipo baba, akiwa mzee, anamweleza usiku kwa usiku kilichotokea: mama alijitoa kwa mtu mwenye madaraka ili ndugu yake atolewe kizuizini.

Zingatieni kikapu hicho. Gurnah hakuificha siri chini ya godoro wala ndani ya barua iliyofungwa. Aliiweka mikononi mwa mtoto, mchana kweupe, na mtoto akaibeba kwa miaka bila kujua kwamba alichobeba ni siri yenyewe. Naamini hivyo ndivyo siri za nyumba zetu zilivyo pia. Hazikufukiwa. Tunazibeba kila siku, katika majina yetu, katika njia tunazopita kwenda kisimani, katika jamaa fulani ambaye lazima apelekewe mguu wa mbuzi kila sherehe na hakuna anayekumbuka sababu.

Na mwone lililofichwa lenyewe: dada alijitoa ili kaka aokoke. Nitalirudia jambo hilo.

Yvonne Adhiambo Owuor naye, katika Dust ya mwaka 2014, aliweka siri ya familia ndani ya nyumba ya mawe katika ukame wa kaskazini mwa Kenya. Odidi anauawa Nairobi, dada yake Ajany anarejea kutoka ng'ambo, na wakati huohuo Mwingereza anafika akimtafuta baba yake. Ni kitabu kigumu na kikubwa, na siri yake ni ya taifa zima. Nakipita haraka leo kwa sababu shabaha yangu iko karibu zaidi.

Lakini siwezi kumpita Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar na Nyota ya Rehema yake ya mwaka 1976. Rehema anazaliwa, na baba yake, Fuad, anautazama weusi wa mtoto na kuingiwa na shaka. Tangu hapo binti anaishi na shaka hiyo kama alama kwenye paji la uso. Inaonekana kwamba tumo katika hadithi ya damu. Lakini riwaya inapokaribia mwisho, ugomvi hauko tena kwenye damu. Uko kwenye shamba: nani analimiliki na nani anafukuzwa. Huyu mtu wa pwani alikuwa ameliona jambo ambalo sisi wa bara tunaliishi. Ukiifuata siri ya ukoo hadi mwisho wake, katika Afrika Mashariki, utajikuta umesimama kwenye mpaka wa shamba.

Sasa tupande huku juu kwetu.

Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Gusii katika miaka ya 1940, na baada yake Robert na Barbara LeVine, walioishi katika kijiji walichokiita Nyansongo kati ya 1955 na 1957, waliandika jambo ambalo wazee waliomo humu hawahitaji kitabu kulijua. Kwa Abagusii, tata wa mtoto ni yule ambaye ng'ombe wake walitolewa kwa ajili ya mama. Akifariki, watoto watakaozaliwa baadaye bado ni wake. Akiwa mbali, vivyo hivyo. Mtoto ni wa boma ambako chiombe, yaani ng'ombe, zilitoka.

Basi hebu fikirini. Tukio ambalo mwandishi wa Ulaya angelijengea sura ishirini, mume anapogundua kwamba mtoto si wa damu yake, hapa kwetu lingeumiza moyo, lingeleta vipigo na matusi, lakini lisingemwondoa mtoto bomani. Angegawiwa shamba pamoja na ndugu zake. Angezikwa hapo. Angepewa jina la mzee aliyekufa, na mzee huyo angehesabiwa kuwa babu yake kweli. Ndiyo sababu nasema kwamba kijana wa Ikonge anayeiga riwaya ya kigeni, akamalizia kitabu chake kwa kipimo cha maabara kinachosema baba halisi ni fulani, amechukua ufunguo wa nyumba nyingine na anajaribu kufungulia mlango wetu.

Mlango wetu una kitasa kingine, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Ng'ombe za kuoa zilipatikana wapi? Kwa kawaida zilitoka kwa dada. Binti aliolewa, ng'ombe zake zikaingia zizini, na baada ya muda, wakati mwingine mfupi sana, zikatoka tena kwenda kumwolea kaka yake. Kaka na dada walifungamanishwa namna hiyo, na kila mtu bomani alijua binti gani alimwolea kijana gani. Ndoa moja ilikaa juu ya nyingine. Na kama ndoa ya chini, ile ya dada, ikivunjika, mume aliyeachwa alikuwa na haki ya kudai ng'ombe wake. Lakini ng'ombe hawapo! Wamekwisha kwenda kwa wakwe wa kaka. Kuwarudisha ni kuivunja ndoa ya kaka pia.

Katika miaka ya 1940 na 1950 hesabu ya mahari Gusii ilipanda sana, hata baraza la wilaya na serikali ya kikoloni wakajaribu kuiwekea kikomo bila mafanikio makubwa. Ng'ombe walipozidi kuwa wengi kwa kila bibi harusi, ndivyo uzito wa ndoa ya kaka ulivyozidi kumlemea dada.

Niruhusuni niunde nyumba moja. Ni ya kubuni; msiitafute katika kilima chochote. Kuna msichana wa leo, wa kidato cha tatu, ana shangazi wa mbali, bibi kizee, jina lake Nyanchera. Mnajua jina hilo hupewa nani: mtoto aliyezaliwa njiani, enchera. Msichana amelisikia tangu utotoni na hajawahi kuuliza ni njia gani. Siku moja mwalimu anawapa kazi ya kuchora mti wa ukoo, naye anafika kwenye jina hilo na kalamu inasita. Nyanchera alizaliwa njiani kutoka wapi kwenda wapi?

Anauliza, anajibiwa kwamba mama yake Nyanchera alikuwa akitoka sokoni. Anauliza kwa mwingine, anaambiwa alikuwa akienda kanisani. Majibu mawili yanamfanya aulize mara ya tatu. Na mwishowe bibi mmoja aliyechoka kunyamaza anamwambia. Mama yake Nyanchera alikuwa dada wa babu yako. Aliolewa ng'ambo ya mto. Alipigwa. Alikimbia kurudi kwao usiku akiwa mjamzito, akafika alfajiri. Baba yake hakumgombeza wala hakumfukuza. Alimshika mkono, akamwongoza hadi zizini, akamwonyesha. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wake walikuwa wametoka mwezi uliopita kwenda kumwoa nyanya yako. Mama yake Nyanchera alilitazama zizi, akanywa uji aliopewa, akageuka na kurudi alikotoka. Alijifungua kabla hajafika mtoni.

Hiyo ndiyo siri. Hakuna aliyezini humo, hakuna aliyeua, hakuna aliyesema uongo mkubwa. Na angalieni ni nani anayeigundua: msichana ambaye yupo duniani kwa sababu nyanya yake aliolewa kwa ng'ombe wale. Hakumkosea mtu. Alizaliwa tu. Lakini sasa anajua kwamba boma analoliita kwao lilijengwa juu ya mgongo wa mwanamke aliyerudishwa. Nakumbuka tena kile kikapu cha Gurnah, na mama aliyejitoa kwa ajili ya kaka yake. Unguja na Ikonge ni mbali kwa mwendo, na historia zake ni tofauti, ila kaka aliyeokolewa na dada aliyelipa ni walewale.

Kwa nini jambo la namna hii linafichwa, ilhali halina aibu kwa aliyeumizwa? Linafichwa kwa sababu lina aibu kwa waliofaidika, na waliofaidika ndio waliobaki na boma.

Hapo tunafika kwenye neno ambalo naliona kuwa kiini cha mhadhara huu. Ekegusii kina ensoni, na wingi wake chinsoni, zile kanuni za heshima na kuoneana haya zinazotawala mwendo wa mtu mbele ya wazazi wake na wa rika lao. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Maneno ya kitandani hayatamkwi mbele ya mzazi wala mzazi hayatamki mbele ya mwana. Kiswahili nacho kina neno soni, lenye maana ya haya, ingawa siku hizi vijana hulikuta zaidi katika mashairi kuliko mitaani. Ni neno lilelile. Lugha hizi ni ndugu, na kila moja ilibaki na kipande cha urithi. Soni ililinda nyumba. Watu wengi waliweza kuishi katika boma moja bila kuvunjiana heshima kwa sababu yake. Sitaki kijana yeyote atoke hapa akidhani nimekuja kuitukana.

Lakini chinsoni zina mwanya, na mwanya huo uliachwa makusudi. Zinazuia kati ya mzazi na mwana. Hazizuii kati ya babu na mjukuu. Magokoro, yaani bibi, anaweza kumtania mjukuu wake, kumwita mume wake, kumwambia mambo ambayo hangethubutu kumwambia binti yake mwenyewe. Kwa hiyo siri kwetu hairithiwi kwa kufuata ngazi. Inaruka kizazi. Baba na mama hawaijui, au wanaijua na hawawezi kuitamka. Bibi anaijua na anaweza kuisema. Mjukuu peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuuliza. Mwandishi, hapo umepewa muundo wa riwaya yako bure. Msimulizi wako ni mjukuu. Kizazi cha katikati kiko kimya, kinapita nyuma ya mlango kikisikia sauti bila kuingia. Huna haja ya kuubuni muundo huo wala kuuazima.

Tulikuwa na njia nyingine ya kuifanya siri isemwe, nayo ilikuwa ya kutisha. Wazee wanaijua amasangia. Mwanamke aliyeolewa akilala na mwanamume mwingine na kuficha, kisha mumewe akaugua au akajeruhiwa, iliaminiwa kwamba mke akimkaribia, mume atakufa. Kitanda cha mgonjwa kikawa mahakama. Mke alisimama mlangoni, na kila mtu alitazama kama ataingia. Akisita, kusita kwake kulikuwa kukiri. Waandishi wa riwaya hutafuta kwa taabu tukio litakalowalazimisha wahusika kusema ukweli; mababu zetu walilijenga ndani ya homa ya kawaida. Lakini lazima niseme pia ninachokiona kibaya humo: sheria hiyo ilimbana mke peke yake. Mume aliyetembea nje hakumtisha mgonjwa yeyote. Riwaya inayoitumia amasangia kama mapambo ya utamaduni bila kuliona jambo hilo itakuwa imesimama upande wa mlango usiofaa.

Na kuna nyumba ambazo baba hakuwapo kabisa, wala hajawahi kuwapo. Thomas Håkansson, mtafiti Msweden, alichapisha mwaka 1988 kitabu kuhusu mahari, wanawake na ardhi Gusii. Katika nyumba hizo, mwanamke asiye na mwana wa kiume aliweza kuzichukua ng'ombe za binti zake na kuoa mke kwa ajili ya nyumba yake, kana kwamba ana mwana. Watoto wa mke huyo wakawa wajukuu zake, wana wa mwanamume ambaye hakuzaliwa. Walipata ardhi na jina kwa njia hiyo. Kwa mtu anayeuliza baba ni nani, nyumba hiyo ni kitendawili au uongo. Kwa anayeuliza ng'ombe walitoka kwa nani, jibu liko wazi kabisa: walitoka kwa mabinti. Bado sijaona riwaya ya Kiswahili iliyomfanya mwana huyo asiyezaliwa kuwa mhusika mkuu. Ningeinunua siku ya kwanza.

Håkansson aliliona pia jambo ambalo linatuuma hadi sasa. Vijana walianza kuishi pamoja bila ng'ombe kutolewa, wengi mno, kwa sababu mashamba yalikuwa yamepungua na ng'ombe hawakuwapo. Chini ya mfumo wa zamani, mtoto asiye na ng'ombe nyuma yake hana boma. Mama yake akifariki bila mahari kutolewa, mazishi yenyewe husimama: wakwe wanadaiwa ng'ombe mbele ya jeneza. Nyote mmeshuhudia. Siku ya maziko ndiyo siku ambayo siri za ukoo hutoka mchana, kwa sababu mtu lazima azikwe mahali, na mahali hapo ni tamko la yeye alikuwa nani. Kenya nzima ilijifunza hilo mwaka 1987, wakili S. M. Otieno alipobaki bila kuzikwa kwa siku 154 huku mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager wakishindania mwili wake mahakamani, hadi akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Tangu ardhi yetu ipimwe na kuandikwa hatimiliki, siri imehamia kwenye karatasi. Mzee akifa, warithi huenda kwa chifu kuchukua barua inayowataja watoto na wajane wa marehemu. Barua ya chifu! Ukurasa mmoja, muhuri mmoja. Nani ametajwa, nani ameachwa? Binti aliyeolewa mbali ameachwa. Mtoto wa mke wa pili, yule ambaye mzee alimficha kwa sababu kanisa lisingemkubali, ameachwa. Kisha tangazo linachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Ni wangapi Ikonge husoma gazeti rasmi la serikali? Siku zinapita, hati inatoka, na mtu amefutwa katika ukoo wake bila hata kelele ya mlango kufungwa.

Sheria yenyewe haikumsahau. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamtambua mtoto ambaye marehemu alimkubali au kumlea kama wake, hata akiwa wa nje ya ndoa, na inagawa mali ya mwenye wake wengi kwa kufuata nyumba na idadi ya watoto. Mwaka 2005, katika kesi ya urithi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapate kidogo kwa sababu wataolewa. Katiba ya 2010 ikasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Kinachobaki ni watu kusema majina. Sheria haiwezi kumpa haki mtu ambaye ukoo mzima umekubaliana kutomtaja.

Mwanariwaya anaweza kumtaja. Ndiyo sababu naona kazi hii si burudani ya wasomi. Katika nyumba niliyoiunda, watoto wa Nyanchera wanaishi wapi leo? Wana nini? Msichana wetu wa kidato cha tatu, akishajua, ataketi vipi katika kikao cha kugawa shamba la babu? Riwaya inaanzia hapo.

Wako wanaosema siri za ukoo zitafunuliwa na sayansi, basi tungoje. Wagusii ni wengi Marekani, hasa Minnesota, na mtu huko anaweza kununua kisanduku, akatema mate ndani ya kichupa na kukituma, kisha akaletewa majina ya watu wanaochangia damu naye. Sina ugomvi na kichupa. Lakini mate hayatamweleza Nyanchera habari za zizi tupu. Kichupa kitamwambia yeye ni wa nani kwa damu, jambo ambalo halikuwahi kufichwa. Lililofichwa ni gharama iliyolipwa na nani aliyeilipa.

Najua pia hofu iliyomo humu ndani, maana naiona nyusoni. Mtu akiandika, ataaibisha watu walio hai. Ni kweli. Kubadilisha majina hakutoshi Ikonge. Tutamtambua mtu kwa mteremko wa shamba lake na kwa mti ulio mlangoni. Ushauri wangu kwa wanaoandika ni kwamba msianze na jirani. Anzeni na boma lenu, na ndani ya boma lenu anzeni na faida mliyopata ninyi. Aliyeumizwa aulizwe kwanza kama anataka kusemwa, na akikataa, aachwe. Pia msikidharau Kiswahili katika kazi hii. Maneno ambayo ensoni inayakataza katika Ekegusii, nimewasikia akina mama wakiyasema kwa Kiswahili kwa muuguzi kliniki, na kwa hakimu mahakamani, bila sauti kutetemeka. Lugha ya pili imewapa kiti cha kukalia mbali kidogo na maumivu. Riwaya ya siri zetu, kwa maoni yangu, itaandikwa kwa Kiswahili kabla haijaandikwa kwa Ekegusii, na ukimya wa Ekegusii utasikika ndani yake.

Jambo la mwisho ni zito, na nilifikiri sana kama nilitaje. Wanaojua ng'ombe walitoka kwa nani, mpaka wa shamba ulipita wapi, na nani alizikwa nje ya ua, ni bibi vizee. Na katika nchi hii yetu ya Gusii, bibi vizee wanauawa. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto kwa kuitwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa shutuma hiyohiyo. Yanasemwa mengi kuhusu uchawi, na mara nyingi ukichimba chini ya shutuma kama hizo unakuta shamba. Mwanamke anayekumbuka mpaka ni hatari kwa anayetaka kuusogeza. Sitalisema hili kwa upole: anayemwita bibi yake mchawi ili asimsikie, anajua hasa ni neno gani anaogopa kulisikia.

Magokoro wengi mlio nao nyumbani wamepita miaka themanini. Baadhi yao waliolewa wakati ule wa mahari ya juu, na wao wenyewe ni ama dada aliyelipa ama bibi harusi aliyelipiwa. Nawaomba vijana, leo jioni mkirudi, msiwasubiri watoe hadithi. Keti jikoni, mwashie moto, na umwulize magokoro wako: ng'ombe waliokuleta hapa walitoka kwa dada yupi wa sokoro, babu yangu? Akikutajia jina, liandike. Mwulize kama aliwahi kurudi kwao, na kama mlango ulifunguliwa.